Albamu ya hip hop yenye hadithi moja: mwongozo kuanzia swali la kwanza hadi masta

Nyimbo kumi na mbili zinazolaani dhuluma moja bado hazijawa albamu ya dhana. Huo ni mkusanyiko wenye mada. Albamu ya dhana ni ile ambayo ukiuhamisha wimbo wa nne ukauweka nafasi ya tisa, kitu kinavunjika: mhusika anajua jambo kabla halijatokea, au mlango unafunguliwa kabla haujafungwa. Mwaka 2017 rapa wa Marekani Kendrick Lamar alitoa albamu ya DAMN., na kabla mwaka haujaisha akatoa toleo lenye nyimbo zilezile kwa mpangilio uliogeuzwa, wimbo wa mwisho ukiwa wa kwanza, na hadithi ikasomeka upya. Huwezi kufanya hivyo kama mpangilio haukubeba maana tangu mwanzo.

Kwa rapa anayesema mambo ya jamii kuna mzigo wa ziada. Watu anaowaimba wapo, wanaishi, na wataisikia kazi hiyo. Wakiona wamechorwa kama vinyago vya kuhurumiwa, albamu imeshindwa hata kama wachambuzi wataisifu. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinahusu jambo hilo kuliko vyombo vya studio.

Anza na swali, si mada

Andika sentensi moja yenye alama ya kuuliza. "Hali ya hospitali" ni mada. "Muuguzi anayepokea bahasha ya mgonjwa ili watoto wake wale, ni mwizi au naye ameibiwa?" ni swali. Kipimo chake ni rahisi: watu wawili wenye akili timamu waweze kulibishania mpaka usiku. Kama kila mtu atatikisa kichwa kukubali, una kauli mbiu, na kauli mbiu inatosha wimbo mmoja tu. Rapa wengi hukwama wimbo wa tano kwa sababu hiyo. Walishasema yote kwenye ule wa kwanza, na zinazofuata ni sauti kubwa zaidi ya jambo lilelile.

Mfano huu wa hospitali tutaenda nao hadi mwisho.

Weka sheria ya umbo

Swali likishapatikana, tafuta kizuizi: muda mmoja, mahali pamoja, au macho ya mtu mmoja. Kizuizi ndicho kinachokuamulia kipi kiingie na kipi kibaki nje. Kwa mfano wetu, sheria ni zamu ya usiku katika wodi moja. Zamu inaanza saa moja usiku na kukabidhiwa saa moja asubuhi, yaani saa kumi na mbili na nyimbo kumi na mbili, kila wimbo na saa yake. Hakuna wimbo unaotoka nje ya geti la hospitali. Mwanasiasa haingii isipokuwa kwa simu, kwa redio ya mlinzi au kwa bango ukutani.

Sheria iwe na sentensi mbili, isizidi. Ikihitaji ukurasa mzima kuelezwa, msikilizaji hataiona. Na ukishaiweka usiivunje hovyo. Ivunje mara moja tu, mahali unapotaka msikilizaji ashtuke, mathalani kwenye saa ya kumi alfajiri, pale mlinzi anapotoka nje ya geti na sauti yote ya wodi inakatika ghafla.

Utafiti kabla ya mistari

Zungumza na watu wa sehemu hiyo, na si wa ngazi moja. Kwa wodi, wasikilize walau muuguzi, mfanyakazi wa usafi, mlinzi wa geti, ndugu wa mgonjwa anayelala kwenye benchi, na mtu wa utawala. Huyo wa mwisho usimruke. Bila yeye, upande wa pili wa swali lako utakuwa kikaragosi.

Usiwaulize maoni yao. Ukiuliza "unaonaje hali ya afya?" utapewa hotuba. Uliza mikono na vitu: ukifika zamu unagusa nini kwanza? Kitu gani huisha kabla ya vingine? Mnaitana vipi usiku? Sauti gani ukiisikia unakimbia? Majibu ya namna hiyo ndiyo yanayogeuka kuwa mistari. Ukiambiwa kwamba boksi la glavu hufichwa juu ya kabati, una ubeti mzima mkononi.

Mambo matatu ya kulinda. Kwanza, omba ruhusa ya kurekodi na ruhusa ya kutumia sauti, kwa sababu ni ruhusa mbili tofauti, na ya pili iwe ya maandishi. Pili, usimwimbe mtu mmoja alivyo. Changanya watu wawili au watatu ndani ya mhusika mmoja, badilisha umri, badilisha kitanda. Kubadili jina peke yake hakumfichi mtu ambaye ni mlinzi pekee wa geti hilo. Tatu, kila tarakimu inayoingia kwenye mstari ithibitishwe sehemu mbili. Tarakimu moja ya uongo inawapa unaowakosoa njia ya kuitupa albamu nzima bila kujibu lolote.

Ramani ukutani

Chukua karatasi kubwa, chora mistari kumi na miwili, na kila mstari ujibu maswali haya: saa ngapi, nani anasema, anataka nini, nini kinamzuia, na wimbo ukiisha kipi kimebadilika. Swali la mwisho ndilo chujio. Wimbo ambao hakuna kilichobadilika unapoisha unafutwa, hata kama biti yake ni kali kuliko zote. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu biti kali huwa imeshalipiwa.

Hatari kubwa iko katikati, wimbo wa tano hadi wa nane. Nguvu ya kufungua imekwisha na mwisho bado uko mbali, kwa hiyo nyimbo hizo hugeuka malalamiko yanayojirudia. Dawa yake ni kuweka tukio lisiloweza kurudishwa nyuma kwenye wimbo wa sita. Katika zamu yetu, saa sita usiku umeme unakatika na jenereta haliwaki. Kuanzia hapo kila uamuzi una gharama, na bahasha iliyokataliwa saa tatu inarudi saa saba ikiwa na uzito mwingine.

Piga hesabu ya muda mapema. Biti ya mapigo 90 kwa dakika ina mstari wa mapigo manne unaochukua sekunde 2.67. Ubeti wa mistari 16 ni kama sekunde 43, na kiitikio cha mistari 8 ni sekunde 21. Beti tatu, viitikio vitatu na mistari minne ya kufungulia ni mistari 76, yaani dakika 3 na sekunde 23. Nyimbo kumi na mbili za hivyo ni dakika 40 na nusu, na hicho ni kipimo kizuri kwa hadithi moja. Ukishapita dakika 60 unamwomba msikilizaji asiyekufahamu jambo kubwa sana. Lakini nyimbo zote zisiwe na umbo hilo. Mlinzi anaweza kupewa ubeti mmoja mrefu wa mistari 40 bila kiitikio, na mgonjwa wa kitanda cha saba mistari 12 tu.

Mistari: mizani, vina na hotuba

Mstari wa mapigo manne una nafasi ndogo 16, nne kwa kila pigo. Tarbia ya kawaida nayo ina mizani 16 kwa mshororo, nane na nane. Kwa hiyo mshororo mzima unaingia kwenye mstari wa rap bila kubaki hata nafasi moja, na hilo ndilo tatizo lake: hakuna pa kuvuta pumzi. Lenga mizani 12 hadi 15. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na rapa anayeandika kwa macho bila kuhesabu mizani hufika studio akakuta anawahisha silabi mpaka maneno hayasikiki. Katika albamu ya hadithi, neno moja lisilosikika linaweza kumwondoa mhusika mzima.

Kina nacho kina siri yake. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina kinachofanana silabi ya mwisho pekee, kinachokubalika kwenye shairi la kusomwa, husikika dhaifu juu ya biti. Linganisha kuanzia irabu yenye mkazo: jozi na machozi, siyo jozi na kazi. Na jihadhari na vina vya bure, vile vinavyoletwa na mnyambuliko: pigana, chukiana, saidiana. Kimoja kwa ubeti kinavumilika. Vinne mfululizo vinaonyesha kwamba sarufi imekuandikia.

Sasa hotuba. Angalia mistari hii miwili:

*Mfumo umeoza, huduma zimedorora,*
*wanyonge wanateseka, viongozi wanapora.*

Vina vimekaa na mizani zimekaribiana. Lakini nani anasema? Amesimama wapi? Mkononi ana nini? Mtu yeyote angeweza kuisema akiwa popote, kwa hiyo haimsogezi msikilizaji. Mpe muuguzi aseme:

*Sanduku la glavu tupu, nimebaki na jozi,*
*cha nne wananiita, cha saba ni machozi.*

Kila mstari una mizani 15, nane na saba. Ukianza silabi ya kwanza nafasi moja kabla ya pigo la kwanza, "jo" ya jozi inaangukia juu ya snea (ngoma yenye mlio mkali) ya pigo la nne, na "cho" ya machozi vivyo hivyo, kisha inabaki nafasi moja ya pumzi. Hakuna neno mfumo wala neno kupora, lakini msikilizaji amehesabu mwenyewe: wagonjwa wawili, jozi moja. Hasira aliyoifikia mwenyewe anaondoka nayo.

Pitia mashairi yote na kalamu nyekundu, ukipigia mstari kila neno linaloishia kwenye mawazo tupu: haki, ukombozi, mfumo, mapambano. Acha yasizidi matatu kwa albamu nzima, na uyaweke kwenye vinywa vya watu ambao kweli wangeyasema.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kumwandikia mpinzani ubeti bora. Mtu wa utawala, saa nane usiku, apewe mistari 16 isiyo na kejeli hata kidogo: bajeti aliyoiomba, ile aliyopewa, na orodha ambayo lazima akate kitu ndani yake. Kama ukimaliza kuuandika hujayumba hata kidogo katika msimamo wako, rudia. Swali linabaki hai kwa sababu ya ubeti huo.

Biti zifuate hadithi

Usikusanye biti kwanza kisha utafute hadithi ya kuzifunika. Mpe prodyuza ramani, na ikiwezekana awe mmoja au wawili kwa albamu yote. Maprodyuza wanane huleta besi nane na snea nane zisizojuana.

Panga kasi kama safari. Zamu yetu inaweza kuanza kwenye mapigo 84, ikapanda hadi 96 saa sita, ikaanguka 72 saa tisa, kisha ikarudi 84 asubuhi. Mapigo 72 yanabana mashairi kwa namna nyingine: ubeti wa mistari 16 unakuwa sekunde 53, kwa hiyo punguza mistari badala ya kuongeza maneno.

Chagua sauti moja ya kuunganisha. Mashine ya kufuatilia moyo ni mfano mzuri, lakini mlio wake wa kweli una noti yake, na usipourekebisha kufuata ufunguo wa wimbo utasikika kama kosa la miksi, yaani la kuchanganya sauti. Uweke sawa na kasi ya biti ili mlio uangukie kila pigo, kisha saa ya tukio uuachie uende nje ya kasi. Usiutumie kwenye nyimbo zote. Tano au sita zinatosha, na kila mara ufanye kazi mpya: mara mlio halisi, mara noti ya kinanda, mara ukimya pale ulipotarajiwa. Maneno nayo yanaweza kuwa uzi. Katika To Pimp a Butterfly ya 2015, Lamar anasoma shairi kidogokidogo kati ya nyimbo, kila linaporudi likiwa limeongezeka, na mwishoni linasomwa lote mbele ya sauti ya rapa Tupac Shakur iliyochukuliwa kwenye mahojiano ya 1994. Funzo lake ni kwamba kinachorudi sharti kiongezeke. Kikirudi kama kilivyo, msikilizaji anaruka.

Skiti na wageni

Skiti, yaani igizo fupi kati ya nyimbo, isieleze kitu ambacho wimbo umeshasema au unakwenda kusema. Kazi yake ni kuhamisha saa na kuleta mtu mlangoni. Sekunde 15 hadi 40 zinatosha, na zote kwa pamoja zisipite dakika nne. Tumia watu wanaoongea kawaida, warekodi kwenye korido ya kweli yenye mwangwi wake, na waambie wakatizane maneno kama watu wanavyofanya.

Iwe faili yake au ibandikwe kwenye wimbo? Ukiibandika mwanzoni, mtu anayekutana na wimbo kwenye orodha mchanganyiko anasikia mazungumzo asiyoyajua na anaondoka. Bora mwishoni mwa wimbo uliotangulia, au faili ya peke yake. Kwa faili ya peke yake, kumbuka Spotify huhesabu usikilizaji kuanzia sekunde 30, kwa hiyo skiti ya sekunde 20 haitahesabiwa. Hiyo si sababu ya kuirefusha.

Msanii unayemshirikisha ni mhusika. Mtumie ukurasa mmoja: yeye ni nani, saa ngapi, anajua nini na hajui nini mpaka saa hiyo. Asiye na muda wa kuusoma atakuletea ubeti wa kujisifu, nao utalitoboa jengo zima.

Ruhusa

Sampo moja, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye rekodi ya mtu mwingine, ina haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Unahitaji zote, na unaziomba kabla ya miksi ya mwisho, kwa sababu ukikataliwa baadaye wimbo unaporomoka pamoja na nafasi yake kwenye hadithi. Ukiipiga upya melodi kwa vyombo vyako, haki ya rekodi huihitaji tena, lakini ya utunzi inabaki. Sauti ya taarifa ya habari nayo ina mwenyewe. Njia salama ni kuandika taarifa yako na kumpa mtu aisome.

Mgawanyo wa umiliki uandikwe siku ileile wimbo unaporekodiwa, asilimia zijumlishwe zifike 100, wote watie sahihi. Na mistari inayomtaja mtu halisi kwa jina na kumtuhumu, ipeleke kwa mwanasheria kabla ya maiki.

Kurekodi

Rekodi demo za nyimbo zote kwa simu kwanza, zipange, uzisikilize mfululizo bila kusimamisha. Matundu ya hadithi huonekana hapo, na kuyaziba ni bure. Studioni, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki na kichujio cha pumzi katikati ni mwanzo mzuri kwa msimulizi. Kwa wahusika wengine badili umbali: anayenong'ona asogee sentimita 5 hadi 8, anayeita kutoka mlangoni arudi nyuma hatua mbili. Wasikilizaji wanatambua mahali kwa masikio kabla ya maneno. Rekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa rekodi, si mdundo), vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli −12 na −6, ili mlipuko wa ghafla usikwaruze.

Mhusika mmoja umalize siku moja, hata kama yumo kwenye nyimbo tatu. Sauti ya kinywa hubadilika siku hadi siku, na mtu yuleyule akisikika mzito saa mbili na mwembamba saa nne, msikilizaji atadhani ni watu wawili.

Miksi na masta

Kosa la kawaida ni kuupa kila wimbo ukubwa uleule. Wimbo wa saa tisa unaotakiwa kunong'ona ukipandishwa hadi ulingane na ule wa saa sita, usiku wote unakuwa mchana. Majukwaa mengi ya kusikiliza husawazisha kwenye takriban −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), na albamu inapochezwa mfululizo Spotify huisawazisha kama kitu kimoja, kwa hiyo tofauti za ndani hubaki. Acha kilele cha kweli kisizidi −1 dB.

Masta albamu nzima, yaani ipe umbo lake la mwisho la sauti, ndani ya sesheni moja, nyimbo zikiwa zimepangana. Pale wimbo unapoingia ndani ya mwingine, kata kwenye mwanzo wa mstari, mahali wimbi linapopita sifuri, la sivyo utasikia mchomo mdogo. Toa faili za WAV. MP3 huongeza ukimya mdogo kichwani na mkiani, na muunganiko uliohangaikia wiki nzima unapata pengo. Kwa sidii, alama za nyimbo hukaa kwenye vipande vya sehemu moja ya 75 ya sekunde, kwa hiyo mpe fundi nafasi ya kusogeza kidogo. Kama kutakuwa na santuri, upande mmoja wa inchi 12 unabeba dakika 18 hadi 22 bila kupoteza nguvu, na kugeuza santuri kutakuwa sehemu ya hadithi. Katika zamu yetu, upande wa kwanza unaishia pale umeme unapokatika.

Kabla ya kuachia

Sikilizisha makundi matatu: waliokusimulia, wapenzi wa hip hop, na mtu asiyejua chochote kuhusu wodi. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize wakuhadithie kilichotokea. Mahali watatu wanapopotea pamoja, rekebisha mstari, si skiti. Waliokusimulia wasikie wakiwa wa kwanza, wakati bado unaweza kubadili, na wakisema "hapa umenianika", unabadili.

Kisha changanya mpangilio makusudi na usikilize nyimbo tatu za kubahatisha. Kila moja isimame kwa miguu yake, hata kama haijakamilika. Kwa wimbo wa kutangulia, chagua wa saa mbili au saa tatu, uoneshe dunia na mtu wake, na usiguse chochote kilicho baada ya umeme kukatika.

Pakia faili walau wiki nne kabla ya siku yenyewe. Kila wimbo na kila skiti viwe na msimbo wake wa ISRC, yaani kitambulisho cha kimataifa cha rekodi, wenye herufi na tarakimu 12, majina yaandikwe kwa namna moja kila mahali, na namba za mpangilio zikaguliwe moja moja baada ya kupakia. Ambatisha mashairi yote, ukionesha kando ya kila ubeti ni nani anayesema na ni saa ngapi.